Mishale Chini ya Mabati

Akipiga kelele "Milango!" ilibidi uache kila kitu. Kama unaogesha mtoto, unamwinua na povu lake unaingia naye ndani. Kama unasonga ugali nje, unauacha uungue. Sisi wapangaji wa ile ploti ya Kabiro, kule Kawangware, tulizoea hivyo hata wageni wetu wakatuona wendawazimu: unaongea na mtu vizuri, ghafla unamshika mkono, unamvuta ndani na kusukuma komeo. Halafu kimya. Halafu kitu kinagonga gunia, pu! Na hilo gunia la matambara lilining'inia kando ya mlango wangu mimi, niliyekaa chumba cha mwisho.

Tulimwita Keateka. Jina alikuwa nalo, lakini pale ploti hakuna aliyelitumia, na sitalitumia leo. Yeye ndiye alishika funguo za geti, akafungua maji asubuhi na kuyafunga akitaka, akasimamia vyumba kwa niaba ya mwenye ploti, mama mmoja aliyekuja na gari lake bila kutuambia siku. Vyumba vilikuwa safu mbili za mabati zinazotazamana, katikati korido nyembamba yenye mtaro, na juu kingo za paa zilikaribiana hadi jua lilituingilia kwa zamu. Chumba chake kilikuwa mwanzo kabisa, kando ya geti. Changu kilikuwa mwisho. Kati yetu ndiyo ilikuwa nafasi yote aliyokuwa nayo duniani ya kupigia mshale.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa pale mlangoni penye mwanga, kwa hivyo mlango wangu ndio ulikuwa wa mwisho kufungwa siku zote, na pia nilikuwa na kiburi, sikatai. Kwani nani alimpa ruhusa ya kunifungia ndani mchana kweupe? Lakini hakuwa anapiga mpaka anisikie. Angevuta upinde na kuushikilia hapo.

"Mama Velma! Umefunga?"

"Nimefunga, piga!"

Siku nyingine nilimkawiza kwa makusudi, nikamalizia kwanza pindo la sketi. Aliteremsha upinde, akangoja, akauliza tena.

Kama unadhani nakuletea mzee mpole mwenye busara, umekosea njia. Huyu alikuwa mkali wa bure. Kamba za nguo alizikata na nguo zikiwa juu yake. Watoto wakicheza koridoni aliwafukuza kwa fagio. Giza likiingia, geti limefungwa, na ukichelewa utasimama nje ukibembeleza kama mtoto aliyemwaga maziwa, huku yeye amekaa ndani hatua chache kutoka kwako akinywa chai yake polepole. "Nani?" anauliza, na anakujua. "Unatoka wapi?" anauliza, kana kwamba ni babako. Kuna jirani yetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwahi kumwambia, "Mzee, hii ni ploti ama ni jela?" Akajibu, "Jela wanakupa chakula."

Na huyo huyo, mama mmoja alipojifungua pale ploti, alizuia mishale siku nyingi tu, asimtishe mtoto. Alitembea kwa ncha za vidole. Alinikemea mimi kwa sababu cherehani yangu ilikuwa na kelele. Mtu wa namna gani huyu, tuliulizana kwa mfereji.

Mianzi yake ilitoka Lavington, upande wa pili wa barabara, penye nyumba kubwa. Kuna mtu wa kwao aliyefanya kazi ya bustani huko, na ua ukipogolewa alimletea fimbo za mianzi mpaka getini. Yeye hakwenda kuzichukua. Alizipitishia mkono moja moja, akichagua zilizo nyembamba kama kidole changu cha mwisho, na zilizobaki alizirudisha kwa dharau. Zile alizochagua alizifunga pamoja na kuzilaza darini, chini kabisa ya mabati. Lile joto lililotukausha sisi usingizi ndilo lililokausha mianzi yake. Miezi mingi ilipita kabla hajagusa hata mmoja. Ukimuuliza lini utakuwa tayari, anasema, "Bado una maji." Mimi sikuona maji yoyote.

Kazi yenyewe aliifanya asubuhi, kwenye kigoda, jiko la makaa mbele yake. Alipasha mwanzi pale ulipopinda, akaugeuzageuza usiungue, halafu akaukandamiza gotini, akaushikilia hivyo mpaka upoe. Vifundo alivikwangua kwa kipande cha chupa. Pale pa kushikia kamba alipakata karibu na kifundo, kwa sababu mwanzi ukikatwa penye uwazi hupasuka, halafu akapazungushia uzi. Huo uzi ulikuwa wangu. Ule mnene wa kushonea jinzi. Alikuja kuuomba kama mtu anayedai.

"Leta ule uzi."

"Sema tafadhali."

"Mama Velma, leta uzi."

Manyoya alitoa kwa mchinjaji wa kuku wa pale sokoni, na hao wawili hawakuwahi kuelewana. Keateka alitaka manyoya matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Yakichanganyika, la kushoto na la kulia, mshale unakosa mwelekeo. Mchinjaji alimletea mfuko umechanganywa, na akamwambia kuku ni kuku. Lo! Siku hiyo matusi yalisikika mpaka barabarani. Nilicheka mpaka nikashika cherehani.

Gundi ya manyoya ikikauka, aliuweka mshale juu ya ukucha wa kidole gumba na kuuzungusha kwa mkono mwingine. Ukitetemeka hata kidogo aliuvunja. Hakuwapa watoto wauchezee, hakuutupa, aliuvunja vipande viwili gotini na kuviweka kando ya jiko, na sisi wanawake tukaviokota kuwashia moto. Mungu atusamehe, kuna asubuhi tuliomba mishale yake iharibike.

Swali ambalo kila mgeni aliuliza ni hili: mishale ya nini? Kabiro hakuna swala. Alijibu kila mmoja tofauti. Kwa huyu ni ya kuuzia wazungu, kwa yule ni mazoezi ya kifua, kwa fundi wa vyuma ni ya kumchoma mtu mwenye mdomo mrefu. Mimi nilijua ukweli siku binti yake alipokuja, kwa sababu mabati hayafichi kitu, na alipandisha sauti yule msichana mpaka nikaacha kukanyaga cherehani.

Kwao ni magharibi, chini ya mlima. Ukoo wao una desturi ambayo mimi, mtu wa ziwa, sikuwa nimeisikia popote. Baba akitaka kumgawia mtoto ardhi, anasimama mlangoni pa nyumba ya babu na kupiga mshale mmoja, aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe. Ulipoangukia ndipo mwisho wa shamba la huyo mtoto. Hufanywa baada ya mavuno, mahindi yakiwa yamekatwa, ili kila mtu auone ukianguka. Sasa huyu binti alikuwa ametoka kwenye ndoa mbaya na watoto wake, akarudi nyumbani, akakuta baba zake wadogo wawili wamelima mpaka ukutani. Walimwambia msichana hapigiwi mshale. Halafu wakacheka, wakasema haya, kama babako bado ni mwanaume aje akupigie, tuone utafika wapi.

"Baba, mwaka huu utakuja?"

"Baada ya mavuno."

"Mavuno ya wapi? Hata mwaka jana ulisema hivyo."

"Na geti nimwachie nani?"

"Geti?" Sauti yake ilipasuka. "Baba, mimi nalala jikoni kwa shangazi, watoto wangu wananuka moshi wakienda shule, na wewe unaniambia geti?"

Nilisikia kigoda kikisogezwa. Baadaye msichana alipita mlangoni kwangu kunawa uso kwa mfereji, nikampa taulo, akafunika uso nalo. Alipoondoka, jua la saa sita, Keateka aliita "Milango!" kwa sauti ambayo sikuijua, na akapiga mishale yake yote mmoja baada ya mwingine. Mmoja uliacha gunia ukatoboa mlango wangu. Nilikaa kitandani nikiangalia ncha ya mshale, msumari mkali, imetokea upande wa ndani, na kwa mara ya kwanza sikutoka kumgombeza.

Ni kweli kuhusu geti. Mwenye ploti alimwambia mbele yetu sote: siku nikija nikute hapa hakuna mtu, hicho chumba chako tafuta kingine. Na hakuwa na kingine. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikumwona akivuka ile barabara ya lami. Chumvi alitumwa mtoto. Kinyozi alimfuata mlangoni. Sisi aliotufungia tulitoka kila asubuhi tukaenda tulikotaka, na yeye mwenye funguo akabaki.

Lakini mimi sikuamini kwamba ni geti peke yake. Nilimwambia waziwazi, "Mzee, nenda kwenu hiyo wiki moja, mimi nitakushikia geti." Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe hujui kufunga," akasema.

Mwaka uliofuata mianzi ilikuwa bado ina maji. Mwingine, manyoya yalikuwa mabaya. Kila mavuno yalipofika mshale ulikuwa na kosa, na aliuvunja, na tukaota moto wa shamba la yule msichana. Ndiyo, nasema hivyo, kwa sababu nilikasirika. Geti lilimfunga, naye akalishikilia kwa mikono miwili.

Alipenda kusimulia utoto wake akiwa na hasira kidogo, hasa mvua ikinyesha na mabati yakipiga kelele hata asisikike vizuri. Alikuwa mlengaji wa kwanza pale kwao. Alisema mshale wake ulipanda juu mpaka ukaupoteza kwa macho, na watu wakaja kutoka upande wa pili wa mto kuangalia. Alisema alianza akiwa mdogo, akiwinda kware kwenye kichaka cha mianzi, amepiga magoti ili matawi yasimshike upinde. "Lakini hiyo ni ya watoto," aliongeza upesi. "Mwanaume husimama."

Mimi nilimwona akisimama. Ukingo wa paa letu ulikuwa chini sana, kwa hivyo aliinamisha shingo, akalaza upinde ubavu, akashusha kiwiko, na mshale ukapita chini chini juu ya mtaro kama panya anayejua nyumba yake. Alikuwa hodari wa hiyo. Angepiga kitufe cha shati pale kwenye gunia. Sikufikiria zaidi ya hapo, kwani mimi najua nini mambo ya mishale?

Halafu ploti ikauzwa kwa watu wa magorofa. Tulipewa notisi, tukabeba magodoro, kila mtu kivyake. Mimi nilirudi Kibera, Kambi Muru, nilikoanzia maisha. Asubuhi ya kubomoa nilipitia pale kuchukua meza yangu, nikamkuta Keateka amesimama barabarani, upande wa nje wa geti ambalo lilikuwa limelala chini, na rundo la funguo mkononi. Nilimwita. Hakunisikia. Trekta lilikuwa linanguruma.

Muda mrefu ukapita. Niliambiwa amepata mahali pa kulala kwa yule mtu wa bustani. Basi Jumapili moja asubuhi, najiandaa kwenda kanisani, namwona mlangoni kwangu Kambi Muru. Alikuwa amekonda. Begani alibeba bomba la plastiki alimotia mishale, na upinde umefungwa kwa pazia langu la zamani nililoliacha ploti.

"Haiya! Mzee! Umefikaje huku?"

"Nimeuliza. Kule nyumbani wamemaliza kuvuna," akasema, bila hata kuketi. "Basi langu ni la jioni. Lakini kuna kitu nataka uone kwanza. Sina mtu mwingine wa kuonyesha."

Kanisa likanipita. Tulipanda mpaka uwanja ule ulio karibu na mtaa wa Ayany, ambapo vijana hucheza mpira mchana. Saa hiyo haukuwa na mtu, na nyasi zilikuwa na matope ya mvua ya jana. Alisimama kati ya milingoti ya goli, akatoa mshale mmoja. Nilikuwa nimeona mishale yake mingi ikivunjwa, lakini huu, jamani, ulikuwa umenyooka hata ukautazama mara mbili. Alivuta upinde.

"Milango!" akaita.

Nilidhani ni mzaha. Nikageuka nicheke naye, nikaona ameushikilia upinde na macho yake yametoka. Alikuwa anangoja.

"Mama Velma! Umefunga?"

Sikujua kama nicheke au nilie. "Nimefunga, piga!"

Mshale ukatoka. Ukaenda chini chini, ukachoma nyasi hata haujafika katikati ya uwanja. Akapiga mwingine. Ukalala karibu na mwenzake. Hapo ndipo nikaona: shingo imeinama, kiwiko kimeshuka, upinde umelazwa ubavu. Juu yake hakukuwa na kitu ila mbingu, na yeye alikuwa anaepa mabati.

"Mzee, inua huo upinde!"

"Nimeinua."

"Hujainua!"

"Nimeinua, Mama Velma. Kwani mimi ni mtoto?" Na aliamini kabisa. Akapiga tena. Ukaenda kulekule.

Tulitembea mpaka ilipoangukia. Alisimama pale akipima kwa macho kutoka golini, midomo inacheza. "Hapa," akasema, "atajenga chumba. Na kamba ya kuanikia nguo." Halafu akakaa kwenye matope, mzee mzima, na suruali yake ya safari. "Mimi nilikuwa namaliza shamba lote. Wadogo zangu walikuwa wananibebea mishale. Wakiniona hivi..." Akasema pengine asiende. Atatuma ujumbe kwamba geti limemzuia.

"Geti gani? Si lilibomolewa?"

"Wao hawajui."

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilimwona akilini yule msichana amefunika uso kwa taulo langu. Nikawaza kichaka cha mianzi, na kware.

"Piga magoti," nikamwambia.

"Ati nini?"

"Kama ulivyokuwa ukipigia kware. Ukisimama unaona mabati. Piga magoti tuone."

"Mbele ya wadogo zangu? Mwanaume mzima?" Alinitazama kana kwamba nimemvua shati. "Watacheka."

"Wacha wacheke. Wakimaliza kucheka, mshale utakuwa umeshaanguka. Binti yako analala jikoni, mzee."

Watu wawili walipita na Biblia zao, wakatushangaa, wakaendelea. Mwishowe alirudi golini, mimi nyuma yake, akatazama pande zote, akashuka goti moja, halafu la pili. Alikuwa mdogo ghafla. Akavuta, na nikaona shingo ikinyooka, na ule upinde ukasimama wima kana kwamba haujawahi kulala.

"Milango," akaita, polepole.

"Nimefunga, piga!"

Ulipanda. Nilijaribu kuufuata kwa macho, nikaupoteza, na nilipouona tena ulikuwa unashuka mbali kabisa, nyuma ya goli la upande wa pili, karibu na mtaro. Nilipiga yowe. Niliruka kama msichana. Yeye alibaki palepale chini, upinde mapajani, anaangalia juu alikopotelea mshale, machozi yanamtoka na hayafuti.

Jioni nilimsindikiza mpaka stendi ya basi. Njiani alishika lile bomba la mishale kifuani. Kwenye mwanga niliona magoti ya suruali yake yamekauka matope, madoa mawili makubwa, nami nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mzee, jipanguse hayo magoti. Utafika kwenu hivyo?"

Alijitazama. Akainama kama anayetaka kupangusa, halafu akajinyoosha.

"Wacha," akasema. "Wacha wayaone, wamalize kucheka kabla sijafika mlangoni."